Maji Kuonekana Safi Si Uthibitisho wa Usalama

Maji maangavu yaweza kubeba bakteria, ambao urefu wao ni takriban 1/1000 ya milimita, jicho haliwaoni. Maabara za utafiti hutambua chembe ndogo kama hizo kwa pete ya kioo ambamo mwanga huzunguka mara nyingi. Chembe iliyomo majini inaponata kwenye pete, urefu wa mawimbi ya mwanga huo hubadilika kidogo, na badiliko hilo hupimwa. Hata hivyo, pete tupu huonyesha kuwa chembe ipo, haisemi ni ya aina gani. Basi, muuzaji akikuonyesha kifaa kinachohesabu chembe, usiichukulie hesabu hiyo kuwa uthibitisho. Tunakushauri uchemshe maji yatokote kwa angalau dakika 1. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi kemikali.