Kuchagua Trekta Dogo kwa Hesabu

Mkulima mwenye fedha chache aghalabu hutazama kwanza ukubwa wa injini. Yafaa aanze na kazi yenyewe. Chukulia shamba la hekta 18 linalopaswa kulimwa kwa siku 10 kabla mvua za kupandia hazijapita.

Plau yenye upana wa meta 0.6, ikivutwa kilometa 5 kwa saa, hulima meta za mraba 3,000, yaani hekta 0.3 kwa saa. Ikiwa sehemu ya tano ya muda hupotea katika kugeuza, hubaki hekta 0.24. Kwa saa 8 hulimwa hekta 1.92, kwa siku 10, hekta 19.2. Plau hiyo yatosha.

Udongo ukikinza kwa kilonyutoni 60 kwa meta ya mraba, na kina kikiwa meta 0.15, kani ya kuvuta ni 60 × 0.6 × 0.15 = kilonyutoni 5.4. Kwa mwendo ule, zahitajika kilowati 7.5. Ikikadiriwa kwamba nusu ya nguvu hupotea njiani, kwa mfano kwa magurudumu kuteleza, injini ya kilowati 15 yatosha. Fedha inayobaki inunue haro na tela, kwani trekta lisilo na zana halilimi.

Zoezi: Ukinzani ukiwa 90, upana wa plau upunguzwe hadi kiasi gani? Je, siku 10 zitatosha?