SOMO: GEMU YA SHAMBA NA WATOTO WETU

Wazazi wanauliza kama zile mashine ndogo za kuchezea mkononi zinaharibu watoto. Mashine si neno; angalieni gemu iliyo ndani.

Tuchukue Stardew Valley, iliyotolewa mwaka 2016. Eric Barone wa Marekani aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Mchezaji anarithi shamba la babu yake. Anapewa mbegu 15, anapanda, anamwagilia kila siku, anauza na kununua mbegu nyingine. Msimu ni siku 28, na ukiisha mimea mingi inakufa. Kwa hivyo mtoto analazimika kupanga.

Lakini mmea usipopata maji haunyauki, unangoja tu! Hapo gemu inadanganya. Sisi wa Machakos twajua mvua ya Oktoba ikikosa inakuwaje, na huko hakuna hata fanya juu ya kuchimba. Tena kuna baa, na mbele kuna nyumba ya kamari. Mzazi, keti naye ucheze saa moja kabla ya kumwachia, halafu mwende shambani mlinganishe.

Jadilianeni: Mtoto wa miaka 7 akiuliza kamari ni nini, utamjibuje? Siku za shule mashine itawekwa na nani?