SOMO LA MKULIMA: Kutoka Gunia la Moiben hadi Unga wa Elgon View

Mkazi wa Elgon View, hapa Eldoret, akinunua pakiti ya unga ya kilo 2 dukani, huenda mahindi yake yalivunwa Moiben, Soy au Ziwa, ndani ya kaunti yetu ya Uasin Gishu. Kwa gari, safari hiyo si ndefu. Hata hivyo, mahindi hayo yamepitia mikono mingi: mkulima, dalali wa kijijini, mwenye lori, mwenye ghala, msagaji, muuzaji wa jumla, kisha mwenye duka. Hatua hizo zote kwa pamoja ndizo tunazoziita mnyororo wa thamani.

Wakulima wengi husema kwamba madalali ndio wanaokula jasho lao. Malalamiko mengine ni ya haki, hasa kuhusu vipimo. Lakini dalali pia hulipwa kwa kazi anazofanya: kukusanya, kukausha, kuhifadhi, kusafirisha na kungojea bei. Mkulima akitaka sehemu kubwa zaidi ya pesa hizo, hana budi kuchukua kazi moja au mbili kati ya hizo, baada ya kupiga hesabu. Hilo ndilo somo letu.

Kwa nini bei huanguka

Eneo letu huwa na msimu mmoja mkuu wa mahindi. Tunapanda Machi na Aprili, tunavuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo karibu kila boma huwa na mahindi ya kuuza kwa wakati mmoja, nayo karo ya Januari inakaribia. Mkulima huuza mahindi mabichi kwa bei iliyopo. Ifikapo Juni, ghala likiwa tupu, familia iyo hiyo hurudi dukani kununua unga kwa bei ya juu.

Hatua ya kwanza: kipimo

Gorogoro hupima ujazo, wala si uzito. Gunia lililorefushwa kwa kushonewa shingo nalo humfanya mkulima atoe kilo ambazo hatalipwa. Uza kwa mizani. Gunia la kawaida la mahindi ni kilo 90. Hakikisha mizani imekaguliwa, na uandike uzito wa kila gunia mwenyewe.

Hatua ya pili: unyevu

Mahindi ya kuhifadhiwa yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika eneo la Mashariki mwa Kenya. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Toa magunzi yaliyooza kabla ya kupukuchua. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na uyageuze mara kwa mara. Kwa jaribio la nyumbani, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha uache kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isiposhika, bado tumia kipima unyevu ili uhakikishe kwamba umefika 13.5.

Hatua ya tatu: hesabu ya kungoja

Kukausha hupunguza uzito. Magunia 20 yenye unyevu wa asilimia 18 ni kilo 1,800. Yakifika asilimia 13.5, hubaki kilo 1,706 hivi, yaani karibu magunia 19. Sasa tutazame mfano. Bei zilizotumika ni za kujifunzia tu. Weka za soko lako.

• Ukiuza magunia 20 mabichi mwezi wa Novemba kwa Sh2,800, unapata Sh56,000.
• Ukikausha kwa Sh70 kwa gunia, unatumia Sh1,400. Mifuko 19 isiyopitisha hewa kwa Sh250 kila mmoja ni Sh4,750. Gharama zote ni Sh6,150.
• Ukiuza magunia 19 makavu mwezi wa Mei kwa Sh3,600, unapata Sh68,400. Ukitoa gharama, unabaki na Sh62,250. Umepata Sh6,250 zaidi.

Lakini fukusi na dumuzi wakila magunia 2, unauza 17 tu. Ukitoa gharama unabaki na Sh55,050, chini ya zile pesa za Novemba. Magunia 2 yametosha kumeza faida yote ya miezi sita.

Pia tafuta bei yako ya mwisho. Jumlisha Sh56,000 na Sh6,150, kisha ugawanye kwa 19. Jibu ni Sh3,271 hivi. Bei ya Mei isipozidi hapo, kungoja hakukuwa na faida. Kumbuka kwamba mahindi kutoka Uganda na Tanzania, au uamuzi wa serikali kuagiza mahindi ya nje, huweza kushusha bei. Kwa hiyo usingoje na mavuno yote. Gawa mara tatu: ya kula, ya kulipa karo, na ya kungojea bei.

Mfuko usiopitisha hewa hufanya kazi kwa sababu wadudu waliomo ndani humaliza hewa na kufa. Ukitoboka, au ukitiwa mahindi mabichi, hautakusaidia. Uweke juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta na panya.

Hatua ya nne: kikundi

Kipima unyevu ni ghali kwa mkulima mmoja, lakini watu 20 wanaweza kukinunua pamoja. Kikundi pia huweza kujaza lori na kuzungumza na msagaji moja kwa moja. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Maghala ya mwaka wa 2019 inamruhusu mkulima kuweka mahindi katika ghala lenye leseni na kupewa stakabadhi, ambayo inaweza kutumika kama dhamana ya mkopo. Hivyo anaweza kupata pesa za karo bila kuuza mahindi wakati bei iko chini. Uliza kwanza ada za ghala na riba ya mkopo, kisha uziingize katika hesabu yako.

Kikundi kinachotaka kuuza unga wa pakiti kijue kwamba unga huo lazima uongezwe vitamini na madini, na uwe na alama ya ubora ya KEBS. Anzeni na kukausha na kupima vizuri, kinu kitafuata.

Kazi ya kikundi

1. Msimu uliopita uliuza magunia mangapi, mwezi gani, kwa bei gani?
2. Ulinunua unga kiasi gani kabla ya mavuno yaliyofuata?
3. Kwa gharama zako, bei yako ya mwisho ni ipi?
4. Ni kazi gani moja mtakayoichukua msimu huu?

Andikeni majibu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha mpelekee afisa wa kilimo wa wadi yenu mapema, kabla mahindi hayajakauka shambani.