Maji ya Meru na Ndoo ya Mkaa wa Mifupa

Ukihamia vijiji vya chini ya Mlima Meru, mwenyeji wako atakusifia maji: sabuni inatoa povu papo hapo na birika halijengi magamba meupe. Mimi sifa hizo hizo ndizo zinazonitia shaka. Povu la haraka ni dalili kwamba maji yana kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floraidi ikaganda na kutuama. Miamba ya volkano ya huku inaachia floraidi na magadi kwa wingi, kalsiamu kiduchu. Basi floraidi inabaki imeyeyuka majini, haina rangi wala ladha, mpaka uje kuiona kwenye meno ya watoto: madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki.

Povu si kipimo, lakini. Peleka maji maabara. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, ingawa sisi Tanzania tulivumilia hadi 4 kwa miaka mingi. Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea.

Nyumbani tunatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi muda mrefu. Mfupa hupokea floraidi, ndiyo maana pia inatudhuru mwilini. Nunua kwa wanaojua kuchoma. Shika chenga kiganjani: ziwe nyeusi au za kijivu. Zikinuka, hazijaiva, zikiwa nyeupe pe, zimeungua na nguvu imepotea. Na uliza ni mifupa ya mnyama gani, maana wageni wako watakuuliza.

Toboa ndoo karibu na kitako, funga koki, tandika kitambaa safi kwa ndani, kisha mimina mkaa uliooshwa mpaka maji yake yakawa maangavu. Tia maji yaufunike, uyaache kama nusu saa, halafu fungua koki kidogo tu, yatoke kichirizi chembamba. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa subira: koki ikiachiwa wazi, maji yanapita mbio na floraidi yake. Ya mwanzo mwaga. Yanayofuata yachemshe, kwani mkaa hauui vijidudu.

Hayo ni ya kunywa na kupikia. Kuyafulia ni kuuchosha mkaa bure, nao ukichoka ulimi hautakwambia. Rudisha sampuli maabara kila baada ya miezi michache.

Halafu kuna makande. Utachuja maji kwa subira yote hiyo, kisha mpishi atatia kipande cha magadi ili maharage yaive upesi, na magadi ya huku nayo yana floraidi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Kuni zitapungua, na magadi hutayahitaji.