Jiko la Gesi Linapobadilishiwa Gesi

Mara nyingi tunapozungumzia afya ya nyumbani tunafikiria mbu, maji machafu na vijidudu. Leo tujifunze juu ya sumu ambayo huweza kutoka kwenye jiko linaloonekana safi kabisa.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, mkoani Lindi, mwaka 1974, nayo ikaanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Siku hizi baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara huipata jikoni kwa bomba. Familia iliyozoea gesi ya mtungi hutaka kuendelea na jiko lile lile. Jambo hilo huwezekana kwa majiko mengi, lakini si kwa kuchomoa mpira kwenye mtungi na kuuchomeka kwenye bomba.

GESI HIZI SI MOJA

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Gesi asilia karibu yote ni methani. Kwa ujazo ule ule, gesi ya mtungi hutoa joto zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Kwa hiyo nozeli, yaani kile kijitundu kinachopitisha gesi kwenda kwenye moto, huwa ndogo kwa gesi ya mtungi na kubwa zaidi kwa gesi asilia. Msukumo wa gesi nao ni tofauti.

Makosa mawili hutokea. La kwanza, jiko la mtungi huunganishwa na bomba bila kubadilishwa. Moto unakuwa hafifu, maharage hayaivi, na mwenye jiko anachukua msumari kupanua tundu kwa kukisia. La pili, jiko lililokwisha kubadilishwa huuzwa, au hupewa ndugu kijijini anayetumia mtungi. Hapo gesi hutoka nyingi kupita kiasi, moto huwa mrefu na wa njano, na sufuria hujaa masizi. Gesi isipopata hewa ya kutosha haiungui vizuri, nayo hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi.

SUMU ISIYONUKA

Gesi ya kupikia huongezwa harufu makusudi ili tujue inapovuja. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua, lakini mwili wake unakosa oksijeni.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Wengi hudhani ni malaria. Basi tujiulize: Je, kuna homa? Je, wengine waliomo ndani wanaumwa vivyo hivyo? Je, mgonjwa hupata nafuu akitoka nje? Kama hakuna homa, wote wanaumwa, na nje kuna nafuu, tulishuku jiko. Mama mjamzito awe mwangalifu zaidi, kwa maana mtoto aliye tumboni huweza kudhurika sana.

TUFANYE NINI?

1. Tumwite fundi aliyefunzwa kazi ya gesi. Abadilishe nozeli zote, aondoe regyuleta ya mtungi, arekebishe hewa na kupima uvujaji. Kama jiko halina nozeli za gesi asilia, ni heri kununua jingine.

2. Jiko likishabadilishwa, tuandike nyuma yake ni la gesi gani. Tukiligawa au kuliuza, tumweleze anayelichukua.

3. Tuangalie moto kila siku. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano na kutoa masizi, tuzime na kumwita fundi.

4. Gesi ya mtungi ni nzito, hutulia sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi, hupanda darini. Hivyo jiko la bomba lihitaji matundu ya hewa juu ya ukuta. Tukihisi harufu, tufunge koki, tufungue milango, tusiwashe wala kuzima taa. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

5. Tusilale chumbani na jiko linalowaka, liwe la gesi au la mkaa.

MTU AKIDHURIKA

Tumtoe nje haraka kwenye hewa safi, kisha tumpeleke hospitali hata kama amepata nafuu, na tumweleze daktari habari za jiko. Dawa yake ni oksijeni. Maziwa hayaondoi sumu hii, kwa sababu imo katika damu, siyo tumboni.

Gharama ya fundi huweza kuonekana kubwa kwa kazi ya vijitundu vichache. Lakini ni vijitundu hivyo vinavyoamua familia itavuta hewa gani wakati chakula kikiiva. Kinga ni bora kuliko tiba.