Rimu za inchi 20 kwa njia ya Natron?

*Mshauri, nina Prado 120 yenye rimu za inchi 17. Kila mwezi napeleka bidhaa za duka la mama kutoka Arusha hadi Ngaresero, karibu na Ziwa Natron. Rafiki ananiuzia rimu za inchi 20 na tairi zake, 265/50, kwa bei nzuri. Anasema gari litainuka na litapita popote. Nichukue?*
*Kijana, Arusha*

Usichukue, mwanangu. Hata hilo la gari kuinuka si kweli, na kalamu na karatasi vinatosha kulithibitisha.

Angalia ubavuni mwa tairi zako. Kama ni zile ilizotoka nazo Prado 120, utasoma 265/65R17. Yaani upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Ubavu wako basi una milimita 172. Wa rafiki yako, kwa asilimia 50, una 132 tu. Ukijumlisha rimu na ubavu wa juu na chini, tairi yako ina kimo cha milimita 776, yake 773. Gari litabaki palepale. Ila rimu itakuwa imekula sentimita 4 za mpira kuzunguka gurudumu zima.

Na mpira huo ndio unaokufikisha kwa mama. Ukishapita Engaruka kuna mawe ya volkano yenye makali, kuna makorongo makavu yaliyojaa mchanga. Tairi yenye ubavu mrefu hubonyea juu ya jiwe kisha ikarudi. Yenye ubavu mfupi hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, ikachanika ubavuni, na hapo fundi pancha hana la kukusaidia. Kwenye mchanga, ubavu mrefu unakuruhusu kupunguza upepo kutoka psi 32 hadi 20 hivi, tairi ikalala na kukanyaga eneo refu zaidi bila kuzama. Nenda polepole ukiwa hivyo, na beba pampu ya kurudishia upepo kabla ya lami.

Utaambiwa uvishe rimu hizo za 20 tairi nene zaidi. Hapo ndipo gari litakapoinuka kweli, lakini ukikata kona zinaweza kusugua fenda, spidi mita itakusomea pungufu, na injini itavuta kwa shida ukiwa na magunia.

Baki na 17. Hata 18 yenye 265/60 ningeikubali. Wanaoshuka hadi 16 napenda wazo lao, maana mpira unaongezeka, ila rimu hiyo ijaribu kwanza kwenye gurudumu la mbele uone haigusi kalipa ya breki. Rimu yoyote utakayonunua iwe ya nati sita, na tundu la katikati likae sawasawa kwenye habu.

Pesa ambayo ungempa rafiki yako inunulie tairi za njia mbaya, zenye meno makubwa na ubavu mgumu. Nunua tano, si nne. Prado hiyo huendesha magurudumu yote manne muda wote, na spea ya kimo tofauti itaisumbua difu ya katikati njia nzima.