Kwa Nini Gazeti Halifiki Kijijini?



Sasa unajua kusoma. Unasoma jina lako kwenye kadi ya zahanati. Unasoma uzito wa pamba yako kwenye mzani, na karani hawezi kukudanganya. Lakini jiulize: mara ya mwisho ulishika gazeti lini? Si kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Gazeti zima, la wiki hii.

Wengi mtajibu kuwa gazeti halifiki hapa. Wazee wachache watajibu: zamani lilikuwa likija. Wazee hao wanasema kweli. Katika somo hili tutaona gazeti hilo lilitoka wapi, na kwa nini lilikoma. Ili tuelewe, itatubidi tutazame pia jinsi serikali inavyotumia fedha zake.

GAZETI LA WANAKISOMO

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alieleza kuwa ni lazima tuanze kuwaelimisha watu wazima. Watoto wangechukua miaka mingi kabla ya kuleta faida katika uchumi, lakini mtu mzima akielewa jambo leo, kesho analifanya shambani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma shuleni jioni, chini ya miti, na penye vyama vya ushirika.

Mkoani Mwanza kazi ilikuwa imeanza mapema, mwaka 1968, kwa mradi wa majaribio uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Mvuvi alijifunza kwa kitabu cha uvuvi. Kisomo cha namna hii kiliitwa kisomo chenye manufaa.

Matunda yalionekana. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Katika mtihani wa taifa wa mwaka 1986, wasiojua walikuwa wapatao 10 tu kati ya 100.

Lakini walimu wa wakati ule walijua jambo moja. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, akikosa cha kusoma, husahau. Kusoma ni kama jembe. Likilimiwa, linang'aa. Likiachwa darini, linashika kutu. Kwa hiyo yakaanzishwa magazeti ya vijijini. Katika miaka ya 1970, kule Mwanza, lilitolewa gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya vijiji vya Kanda ya Ziwa. Lilikuwa la watu kama wewe, waliotoka kwenye kisomo na kutaka kuendelea.

Mama mmoja katika darasa langu alileta nakala kuukuu ya gazeti la wakati huo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Alikuja kisomoni kwa sababu ya gazeti hilo. Alisema mumewe alikuwa akimsomea jioni, na baada ya kifo chake likabaki kimya miaka mingi. Sasa amekwisha kusoma ukurasa wa kwanza. Ule wa pili panya walimtangulia.

HESABU YA NYUMBANI

Kabla ya kusema habari za serikali, tufanye hesabu ya nyumba moja. Chukua kalamu.

Mzee wa nyumba ameuza pamba kilo 400. Kila kilo ni shilingi 1,000. Amepata shilingi 400,000. Chama cha msingi kinakata shilingi 90,000 za mbegu na dawa alizokopa. Zinabaki 310,000. Sare na madaftari ya watoto ni 80,000. Zinabaki 230,000. Mahindi ya kula mpaka mavuno mengine ni 150,000. Zinabaki 80,000. Mtoto ameugua, matibabu na nauli ni 50,000. Zinabaki 30,000. Paa linavuja, bati moja ni 28,000.

Zimebaki shilingi 2,000. Ukichukulia gazeti moja ni shilingi 1,000, nyumba hii inaweza kununua magazeti mawili kwa mwaka mzima, na nauli ya kuyafuata mjini haimo.

Sasa tazama vizuri. Je, kuna mtu katika nyumba hii aliyesema, "Gazeti halina maana"? Hakuna. Hakuna aliyelikataa. Lilisimama mwisho wa mstari tu, na fedha zikaisha kabla ya zamu yake.

Tazama na jambo la pili. Deni lilikatwa kwanza, kabla mzee hajashika hata senti. Hilo halikuwa na hiari.

HESABU YA SERIKALI

Serikali nayo ina mavuno yake, yaani kodi, ushuru, mikopo na misaada. Ina pia mpango wake wa matumizi. Mpango huo huitwa bajeti. Waziri wa Fedha huusoma bungeni mwezi wa Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Serikali nayo hulipa madeni kabla ya mambo mengine mengi. Halafu mishahara. Halafu dawa, shule, barabara, ulinzi. Mtu anayesimamia gazeti la wanakisomo naye yumo katika mstari huo. Lakini yuko nyuma sana.

Katika miaka ya 1970 mambo yakawa magumu. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilianza kupanda mno. Mwaka 1973 na 1974 ukame ulipunguza chakula, ikabidi nafaka inunuliwe nje. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vita vile vilivyoendelea hadi 1979 vilikula fedha nyingi. Mwaka huohuo mafuta yakapanda tena.

Karatasi ya magazeti ilitoka nje na ilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizohizo zilitakiwa zinunue mafuta, dawa na vipuri vya matrekta. Fikiria wewe ndiye ofisa wa Benki Kuu. Mbele yako kuna maombi mawili, moja la dawa za hospitali, moja la marobota ya karatasi. Utatia sahihi lipi? Hata mimi ninayefundisha kusoma ningetia sahihi la dawa.

Basi magazeti yakapunguza kurasa na nakala. Ngurumo, gazeti la Dar es Salaam lililoanza mwaka 1959 na kupendwa sana na watu wa kawaida, lilikuwa limekwisha kufa mwaka 1976. Baadaye kiwanda cha karatasi kilijengwa Mgololo, wilayani Mufindi, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Lakini kuwa na karatasi si kuwa na fedha za kuinunua. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kupunguza matumizi yake. Elimu ya watu wazima ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyopungukiwa. Magazeti ya vijijini yakaja kwa kuchelewa, kisha yakakoma.

HASARA ISIYOPIGA KELELE

Hapa ndipo ninapotaka ufikiri sana. Zahanati ikikosa dawa, watu hulalamika siku hiyohiyo. Daraja likivunjika, diwani hatalala. Lakini gazeti lisipokuja, nani atapiga kelele? Mtu husahau herufi moja mwaka huu, nyingine mwakani. Na akisahau, huona haya, hasemi.

Katika sensa ya mwaka 2002, watu wazima wapatao 3 kati ya 10 hawakujua kusoma na kuandika. Linganisha na mtihani wa 1986, ambapo alikuwa mmoja kati ya 10. Ni kweli njia za kupima hazikuwa sawa, na watoto wengi wa miaka ya 1980 na 1990 hawakupelekwa shule. Hata hivyo, baadhi ya watu hao walikuwa wamesoma, wakasahau.

Siku hizi magazeti ni mengi kuliko wakati ule, lakini huuzwa zaidi mijini, kwa sababu huko ndiko waliko wanunuzi na wenye matangazo. Hata huko mijini yana shida. Vijana husoma habari kwenye simu. Tena, magazeti yalizoea kulipwa na serikali kwa matangazo ya zabuni. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali hupitia mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Serikali inaokoa gharama, na mimi silaumu. Lakini shilingi iliyookolewa upande mmoja ilikuwa mshahara upande wa pili.

Mtu atasema, redio ipo na simu ipo. Ndiyo, redio ni nzuri, isikilize. Lakini redio haikufundishi kukumbuka herufi, na ikisema hesabu ya kijiji huwezi kuirudia kwa kidole mstari kwa mstari.

TUNAWEZA KUULIZA WAPI?

Bajeti haianzii bungeni peke yake. Mapendekezo huanzia kijijini, hupita kwenye kata, hufika halmashauri ya wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo husomwa mapato na matumizi. Wanakisomo wa kijiji kimoja walisimama mkutanoni wakauliza kama kuna fungu lolote la vitabu vya kisomo. Mwenyekiti alipekua karatasi zake. Halikuwepo. Hakuna aliyekuwa amelikataa. Hakuna aliyekuwa amelitaja.

Wakaomba liandikwe. Halmashauri bado haijajibu. Wakati wanasubiri, wamebandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: bei ya pamba, siku za kliniki, mbuzi aliyepotea. Kila Ijumaa huandika upya. Wiki iliyopita mtu alisahihisha bei ya pamba kwa kalamu nyekundu, na ubishi ukadumu mpaka jioni.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Rudia hesabu ya nyumba ile kwa fedha za nyumba yako. Ni kitu gani kiko mwisho wa mstari?

2. Kama ungekuwa ofisa wa Benki Kuu mwaka 1980, ungegawaje fedha za dawa na za karatasi? Wenzako wanakubali?

3. Mkutano mkuu wa kijiji chako ulifanyika lini mara ya mwisho? Nani aliandika muhtasari, na umewahi kuusoma?

4. Andika habari moja ya kijiji chako kwa sentensi tano. Mpe mwenzako aisome kwa sauti.